Kiboko Katika Ua wa Msikiti

Mara ya kwanza Kulthumu alipomwona, alidhani ni mtumbwi. Alidhani mtu ameuvuta mpaka ndani ya ua wa msikiti, akaufudikiza kando ya ukuta wa kibla na kuuacha unyeshewe. Ilikuwa alfajiri, kabla ya adhana. Ukungu ulikuwa umetoka ziwani ukaingia kijijini bila haraka, ukajaza vichochoro, ukafunika mabati ya nyumba, na kila kitu kilikuwa na rangi moja, rangi ya majivu yaliyomwagiwa maji. Kulthumu alikuwa na madumu yake ya maji, bidoni moja kichwani na nyingine mkononi. Alisimama akawaza: nani huyu anayeleta mtumbwi wake nyumbani kwa Mungu?

Kisha mtumbwi ukapumua.

Pumzi ilitoka nzito na ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo. Kichwa kikainuka, majani yakining'inia mdomoni. Kulthumu hakupiga kelele. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini. Aliinama tu polepole, akaweka chini ile bidoni ya mkononi, kama mtu anayeingia chumba alimolala mtoto mchanga. Kiboko alimtazama kwa jicho moja dogo. Masikio yakatikisika, matone yakaruka. Akarudi kula. Aliyakata majani kwa midomo, na sauti yake ilikuwa kama ya mwanamke anayechuma sombe, majani ya muhogo, upande wa pili wa ua. Aliposhiba alipita langoni, taratibu, bila hata kugusa nguzo, akashuka majini, na ukungu ukajifunga nyuma yake.

Mwalimu Lukmani, aliyekuwa akiadhini na kuswalisha pale, alipofika alimkuta Kulthumu anafagia kizingiti.

"Umeamuka muzuri, Mama Yasmina?"

"Nimeamuka muzuri, Mwalimu."

Akaendelea kufagia.

Kulthumu alikuwa na miaka arobaini na minane. Mume wake alikufa kwa homa, na binti yao wa pekee, Yasmina, aliolewa Mboko akabaki huko na watoto wake. Kwa miaka tisa kazi ya Kulthumu ilikuwa ni maji ya msikiti. Kila alfajiri, kabla ya watu kuamka, alishuka ziwani na bidoni zake, akapanda, akashuka tena, mpaka pipa la kutawadhia likajaa. Zamani kutoka msikitini mpaka majini ulikuwa mwendo wa kutosha kusoma Yasini nusu. Lakini mwaka ule ziwa lilipanda. Lilikula mchanga, likala michikichi miwili na jiko la jirani, likasogea mpaka likabaki hatua thelathini tu kutoka langoni. Kule kwenye mdomo wa mto, mahali palipokuwa na majani mapana ya viboko, sasa palikuwa maji matupu. Watu wa kijiji hicho, Lweba, waliyajua hayo yote na kuyalalamikia. Hakuna aliyewaza kwamba hata wanyama wamepoteza shamba lao.

Kiboko alirudi kesho yake, na keshokutwa. Kulthumu akaanza kuamka mapema zaidi. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wa wanawake, juu, mgongo ukutani, bidoni miguuni, akamngoja. Kwanza aliisikia pumzi yake majini, kisha ule mguu mzito kwenye tope, kisha akamwona anatoka katika ukungu, sehemu kwa sehemu, pua kwanza, kama kitu kinachokumbukwa polepole. Hawakusogeleana. Yeye alikula, Kulthumu akatazama. Mchana, akipepeta unga au akizungumza na watu sokoni, alijikuta yuko mbali, kana kwamba sehemu yake moja imebaki kwenye ile ngazi. Usingizini alimwona kiboko anatembea chini ya ziwa, kwenye sakafu ya mchanga mweupe, kati ya nyumba zilizozama zenye taa bado zinawaka, na yeye Kulthumu anamfuata bila kulowa.

Alijua kwamba anatakiwa kusema. Alikulia Lweba, aliwahi kuona mtumbwi uliovunjwa na kiboko katikati kama muwa. Lakini kama angesema, Mwalimu angemkataza kutoka alfajiri, na kazi ya maji wangempa mwanaume mwenye nguvu. Tena askari wanaolinda kambi ya wakimbizi wangekuja na bunduki zao. Hizo ndizo sababu alizojipa. Iliyobaki hakujipa hata yeye mwenyewe: kwamba tangu afiwe hakuwahi kuwa na kitu kilichokuwa chake peke yake, na sasa alikuwa nacho.

Zikapita asubuhi tisa.

Siku ya tisa, mchana, Fébronie alimfuata uani kwake. Fébronie alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye mikono mirefu na sauti ya chini. Yeye na mume wake Nyandwi walikuwa wamepewa na mwenye ardhi kipande cha shamba pale kati ya msikiti na mto, wakapanda viazi vitamu. Kulthumu aliwapenda. Mara nyingi Fébronie alipomaliza kulima alimsaidia kupandisha bidoni ya mwisho, ingawa msikiti haukuwa wake.

Siku hiyo alikuja na mkono umejaa majani ya viazi yaliyokatwa.

"Mama Yasmina, tazama. Kuna kitu inakula biazi yetu. Inakanyaga mistari yote, alama ya miguu iko hivi." Akapanua vidole. "Kwetu kule milimani sikuonaka mambo ya namna hii. We uko mutu wa hapa. Ni nini?"

Kulthumu aliyatazama yale majani. Yalikuwa yamekatwa sawasawa, kama kwa mkasi. Neno lilipanda mpaka kooni, akalisikia limekaa pale, dogo tu, silabi tatu. Akalimeza.

"Labda ni ng'ombe," alisema. "Ng'ombe iliyopotea. Mvua njo inapanua alama ya mguu."

"Ng'ombe?" Uso wa Fébronie ukafunguka. "Basi, ng'ombe hatuiogope. Nitaambia Nyandwi aende mapema na fimbo."

Akacheka kidogo, akashukuru, akaenda. Kulthumu alibaki amesimama na ungo mkononi. Angeweza kumwita. Fébronie alikuwa hajafika hata kwenye kona. Jioni alijiambia kwamba atakwenda kuwaambia kesho. Kesho ilinyesha mchana kutwa, maji yakapita njiani kama mto, na hakwenda.

Asubuhi ya kumi na moja Kulthumu alichelewa kwa sababu ya matope. Alikuwa hajafika langoni aliposikia mluzi. Ulikuwa mluzi wa mchungaji, mrefu, wa kupanda na kushuka, unaomwambia ng'ombe geuka, rudi nyumbani. Ulitoka katika ukungu upande wa ziwa. Akaelewa mara moja. Nyandwi amesimama kule chini, mgongo wake kwenye maji, fimbo juu, na mbele yake mnyama aliyeshiba anayetaka kurudi ziwani.

"Nyandwi!" alipiga kelele. "Toka kwa maji! Toka kwa maji!"

Mluzi ukakatika. Yakasikika maji yakipasuka, kitu kizito kikaingia ziwani, kisha kimya. Kilikuwa kimya kipana sana, na ndani yake Kulthumu alikuwa anakimbia na hafiki, kama mtu anavyokimbia ndotoni.

Alimkuta amelala ubavu kwenye ukingo wa shamba, macho wazi. Paja la kushoto lilikuwa limefunguka. Kulthumu alivua kitenge cha mabegani, akakikaza juu ya kidonda kwa nguvu zake zote za kubeba maji, akaita mpaka sauti ikapasuka. Mwalimu Lukmani akaja mbio na kanzu ameikunja, watu wakaja na mlango wa mbao wa kumbebea, Fébronie akaja peku na kichwa wazi. Hakulia. Alipiga magoti akashika uso wa mume wake.

Barabara ya kwenda hospitalini Baraka ilikuwa imekatwa na tope, pikipiki zisingepita. Mwalimu akaenda kumgongea Bushira, mwanamke mwenye mashua ya mota aliyekuwa akipeleka unga na mafuta ya mawese Baraka. Bushira hakuuliza maswali. Alishusha magunia yake yote kwenye tope, wakamlaza Nyandwi mahali pa magunia.

Safari ile Kulthumu hakuisahau. Hapakuwa na ng'ambo wala pwani, juu na chini vilikuwa kitu kimoja cheupe, na mashua ilikuwa inanguruma bila kuonekana kwamba inakwenda popote. Kila baada ya muda Bushira alizima mota akasikiliza. Ikisikika sauti ya jogoo au ya mtwangio upande wa kulia, alijua nchi kavu iko wapi, akawasha tena. Fébronie alikuwa amekandamiza kidonda. Kulthumu alikuwa amekipakata kichwa cha Nyandwi, na kichwa kilikuwa cha moto, na maneno yalikuwa yanatoka humo kidogo kidogo, mengine Kirundi, mengine Kiswahili.

"Ng'ombe ile," alisema Nyandwi. "Ilikuwa kubwa sana. Nani iko na ng'ombe kubwa vile?"

"Nyamaza," Fébronie alimwambia. "Usiseme. Haikuwa ng'ombe."

"Mama Yasmina alisema ng'ombe."

Fébronie hakuinua uso. Kulthumu alitazama maji. Alitamani ukungu ule uingie ndani ya mashua umfunike, lakini ukungu ulibaki nje, kama watu wanaokaa mbali na msiba wasioujua.

Hospitalini Baraka madaktari waliukata mguu juu ya goti. Walisema ataishi.

Kulthumu angeweza kurudi na Bushira jioni ile. Alibaki. Wagonjwa hupikiwa na ndugu zao, na Fébronie hakuwa na ndugu Baraka. Kulthumu alipata mafiga nyuma ya wodi, akaazima sufuria, akapika uji. Alipoupeleka alimkuta Fébronie anakamua kitambaa kwenye beseni. Nyandwi alikuwa amelala.

"Fébronie," alisema. "Haikuwa kosa ya kutojua. Nilikuwa najua ni kiboko. Nilikuwa namuona kila siku, asubuhi tisa, kabla uniulize. Nilikudanganya."

Fébronie aliendelea kukamua. Maji yaliisha kwenye kitambaa, na yeye bado anakamua.

"Juu ya nini?" aliuliza mwishowe.

Kulthumu alitafuta sababu. Jibu alilokuwa nalo lilionekana aibu kulitamka mbele ya kitanda kile. Akalitamka hata hivyo. "Juu nilitaka abakie wangu. Nilimuona muzuri."

"Toka," alisema Fébronie, kwa ile sauti yake ya chini. "Acha uji, utoke."

Akatoka. Siku mbili alilala kwenye baraza, kati ya wanawake wengine waliokuwa wanauguza, akapika asubuhi na jioni, akaweka chakula mlangoni. Sufuria ilirudi tupu, imeoshwa, bila neno. Usiku wa pili aliota tena ziwa na nyumba zilizozama. Safari hii kiboko hakuwamo. Nyandwi ndiye aliyekuwa anatembea kule chini, kwa miguu yote miwili, anapiga mluzi, na mapovu yanapanda.

Siku ya tatu Fébronie alitoka akaketi karibu na mafiga. Alikuwa amekonda.

"Kama ungesema kiboko," alisema, "tungeacha ile shamba."

"Ndiyo."

"Nyandwi angelala kitandani."

"Ndiyo."

Fébronie aliutazama moto. "Unafanya nini hapa? Unapika uji. Uji nitapika mi mwenyewe. Kule Lweba batoto banashuka kwa maji kila asubuhi. Bamama banafua. Hakuna anayejua kiboko anapitaka wapi, wewe tu njo unajua, na uko hapa unapika uji." Akasukuma kuni motoni. "Rudia Lweba. Ubaambie bantu bote, na mambo ya ng'ombe pia. Usifiche."

Kulthumu alirudi Ijumaa, na mashua ya Bushira. Alimwomba Mwalimu Lukmani ruhusa, na baada ya swala alisimama kwenye mlango wa wanawake, juu ya ile ngazi, watu wakiwa wamejaa uani. Walikuwapo hata Warundi kadhaa kutoka kambini, maana habari ya Nyandwi ilikuwa imeenea. Alisema yote. Alisema siku alizomwona, na kwamba hakumwambia mtu. Alipofika kwenye neno ng'ombe, mwanamke mmoja akasema, "Astaghafiru!" na mwanaume mmoja wa Kirundi akageuka akatoka. Wengine walinung'unika. Mmoja akasema kiboko apigwe risasi leo hii, na mwingine akasema mwenye kupigwa ni huyu mama.

Mwalimu Lukmani alishika kifungo cha kanzu. Alikuwa mtu wa kufikiri akikichezea.

"Umekosa," alisema. "Umekosa kwa Nyandwi, na kwa Mungu, na kwetu sisi. Hiyo utaibeba." Kisha akauliza: "Sasa tuambie. Anatokea wapi?"

Kulthumu akashuka ngazini. Akatembea, na watu wote wakamfuata. Aliwaonyesha mahali anapotoka majini, penye jiwe bapa. Akawaonyesha kona anayopita nyuma ya choo, majani anayopenda, pembe ya shamba la viazi, na lango, ambalo hulipita kila mara akirudi. Aliwaambia kwamba huja wakati nyota zinaanza kupauka na kuondoka kabla jua halijagusa mlima. Aliwaambia masikio yake yakilala nyuma ina maana amekasirika.

"Na mutu akikutana naye?" aliuliza Bushira.

"Asikimbilie maji. Hapana kusimama kati yake na ziwa. Ziwa njo nyumba yake, umuachie mulango wazi. Panda juu, ingia nyuma ya ukuta, nyuma ya muti mukubwa. Na fimbo, acha fimbo."

Askari waliitwa hata hivyo. Jioni moja walipiga risasi tatu hewani kumtisha. Kiboko alikimbia, lakini badala ya kushuka alipanda, akapita kati ya nyumba, akavunja jiko la mtu na uzio wa mbuzi kabla hajaipata njia ya kurudi. Kwa bahati hakuumia mtu. Baada ya hapo hata wale waliotaka damu walitulia, wakaona heri kumpisha kuliko kumtisha.

Kwa hiyo kijiji kikapanga maisha yake upya. Mawe yalipakwa chokaa, yakawekwa kila upande wa njia ya kiboko, kutoka jiwe bapa mpaka majani, na hakuna aliyelima wala kufua kati ya mawe hayo. Pipa la msikiti likaanza kujazwa alasiri. Alfajiri, walio upande wa ziwa waliswali nyumbani, wakabaki ndani mpaka jua litoke. Tangazo hilohilo lilisomwa kanisani kwa Warundi, Kiswahili na Kirundi. Wanafunzi walipita barabara ya juu. Na kila asubuhi Kulthumu, akiwa juu ya ngazi, mlango wazi nyuma yake, aligonga sufuria mara moja kiboko alipoingia uani, na mara mbili alipokwisha kurudi majini. Nyumba zilizokuwa zimekaa kimya ndani ya ukungu zilianza kufunguka baada ya ishara ya pili, moja moja, moshi ukapanda, watoto wakakohoa. Watu walimpitia mlangoni kumwuliza, "Leo alichelewa?" Wengine walimwuliza bila kumsalimu. Aliwajibu wote.

Hakumwona tena kama zamani. Sasa alipomtazama alikuwa anahesabu hatua, anapima upande wa masikio, anasikiliza kama kuna mlango uliofunguliwa mapema. Mara chache tu, ukungu ukiwa mzito sana na mnyama amesimama kimya, kitu cha zamani kilimgusa kifuani, naye akakiacha kipite.

Kiangazi kilipofika ziwa lilianza kurudi nyuma. Kwenye mdomo wa mto vikatokea visiwa vya tope, na juu ya tope yakachipua majani. Asubuhi moja ya mwezi wa nane Kulthumu alingoja mpaka jua likamchoma usoni, na kiboko hakuja. Hakuja wiki ile wala iliyofuata. Wavuvi walisema wanaona viboko kule mtoni, watano au sita, na katikati yao mdogo. Mawe ya chokaa hawakuyaondoa. Mwalimu alisema maji yakishuka hupanda tena.

Nyandwi alirudi mwezi huo, akitembea kwa magongo. Fébronie hakutaka tena kusikia habari ya shamba la chini. Aliomba kipande kingine juu, kwenye mteremko, mbali na maji, ardhi ngumu yenye mawe na mizizi, na siku ya kwanza aliyokwenda kukifyeka alimkuta Kulthumu amekwisha fika na jembe.

Hawakusalimiana. Walilima. Kesho yake vilevile. Ikawa desturi: kwa kuwa pipa lilijazwa alasiri ya jana yake, Kulthumu alikuwa hana kazi asubuhi, akapanda mlimani. Nyandwi aliketi chini ya kivuli cha turubai, mguu mmoja umenyooshwa, akakata miti ya mihogo vipande vya kupanda, na panga lake lilikuwa na mdundo wa polepole uliowafanya wote watatu wasinzie huku wanafanya kazi. Kutoka pale ziwa lilionekana lote, bluu mpaka mahali ambapo halikuwa ziwa tena bali hewa tu. Mashua zilikuwa zinapita bila sauti.

Siku moja Nyandwi alisimamisha panga.

"Mama Yasmina. Mi niliona kinywa tu. Kinywa na meno. Bantu banasema we ulikaa unamutazama siku mingi." Akafuta panga kwa majani. "Alikuwa namna gani?"

Kulthumu alimtazama Fébronie. Fébronie aliendelea kulima, lakini jembe lilikuwa linashuka bila kelele.

"Alikuwa mupole akikula," alisema Kulthumu. "Akitoka mu maji mugongo unang'aa kama chungu mupya. Na alikuwa anaogopa. Mwanzo sikuona. Nilifikiri mutu akiwa mukubwa vile haogope kitu. Alikuwa anasikiliza kila wakati, kama njia ya kurudia iko wazi."

Nyandwi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jina la kitu alichokuwa akikitafuta. "Na mi nilikuwa nimesimama mu njia," alisema.

"Hukujua."

"Hapana. Sikujua."

Akarudi kukata miti. Fébronie alifika mwisho wa tuta, akanyoosha mgongo, akajifuta shingo. Alikuja akasimama mbele ya Kulthumu, karibu kabisa.

"Mi sijakusamehe bado," alisema.

"Najua."

"Labda mwaka kesho. Labda hapana. Sijue." Akatazama juu, upande wa kusini, ambako mawingu ya kwanza yalikuwa yanajikusanya juu ya milima ya Fizi. "Kesho ukuye mapema. Mvua iko karibu, na hii mihogo haijaingia mu udongo."

Usiku ule upepo ulizunguka nyumba lakini mvua haikunyesha. Kesho yake Kulthumu alipanda mlimani kabla ya jua, na alipofika alikuta Fébronie hajafika bado, akaanza tuta la kwanza peke yake.